Mtoto Anapojiuliza: «Je, Ni Mimi?»



Leo tunataka kuongea nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika kurasa hizi, maana wengi wetu tunaliona kuwa dogo, jambo la watoto. Mtu akifa katika nyumba, sisi wakubwa tunajua la kufanya. Tunafunga hema barabarani, tunakusanya viti, tunachanga franga za jeneza, tunalala kilio, tunaimba mpaka asubuhi. Mjane hakosi wamama wa kukaa naye mkekani. Lakini mtoto wa marehemu, yule wa miaka sita au saba, yuko wapi usiku ule? Mara nyingi yuko kwa jirani. Amepewa bukari na sombe, ameambiwa acheze na wenzake asisumbue wakubwa, na akiuliza baba yuko wapi, anajibiwa: baba amesafiri.

Sisi tunaoandika tumesema maneno hayo kwa vinywa vyetu. Ndiyo sababu hatuwezi kuyanyamazia.

Kulikuwa na mtoto mmoja katika kartie yetu. Jina lake hatulitaji, maana yeye na mama yake wangali pamoja nasi. Baba yake alikuwa mchimbaji wa mikono, kama walivyo wanaume wengi hapa petu tangu kazi za Gécamines zilipoanguka. Asubuhi moja alitoka na tochi yake ya kichwa na magunia mawili matupu, na udongo ukamwangukia. Mtoto alikuwa na miaka saba. Tulifika kwao mapema kuliko wengine, tukashauriana, tukakubaliana kwamba mtoto aambiwe baba amekwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Tulidhani ni huruma. Majuma matatu mtoto huyo alikaa kando ya barabara pale mabasi ya Lubumbashi yanaposimama, na jioni alimwomba mama yake abakize bukari kidogo katika sahani. Halafu siku moja bombani, watu wakingojea maji, mtoto mwenzake alimwambia: baba yako alikufa, na sisi tulikula wali katika kilio chake.

Tangu siku hiyo alibadilika. Alianza kukojoa kitandani, kupiga wadogo zake, kuamka usiku kwa makelele. Masomoni aliacha kujibu. Na katika jamaa ya baba ikaanza ile minong'ono mnayoijua: mtoto huyu anaongea na nani usiku? Mbona baba alikufa na yeye hakulia? Angeliliaje, jamani, na sisi tulimwambia baba amesafiri!

Kilichokuwa moyoni mwake tulikijua baadaye sana, na tulikijua kwa njia ya kitabu.

Mwalimu mmoja wa watoto, katika masomo ya Siku ya Mungu, alikuwa amepata kitabu kidogo cha hadithi kinachoitwa «Simbegwire». Aliyekiandika ni Rukia Nantale wa Uganda, na picha zilichorwa na Benjamin Mitchley. Ni kimojawapo cha vitabu vya mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ili watoto wa Afrika wapate hadithi katika lugha za nyumbani kwao, na kila mtu anaruhusiwa kukinakili bila kulipa. Kiko katika Kiswahili pia. Tunaelewana vizuri: watoto wetu masomoni wanasoma Kifaransa, na hilo si baya, lakini hakuna mtoto wa Manika au wa Kapata anayemlilia baba yake kwa Kifaransa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Simbegwire ni msichana aliyefiwa na mama. Yeye na baba yake wanajikaza pamoja, wanaanza kuzoea. Kisha baba analeta mke mwingine, Anita, na Anita hana uvumilivu. Msichana ana blanketi la marehemu mama yake, ndilo analolala nalo. Asubuhi moja Anita anamvuta kitandani kwa hasira, blanketi linanaswa na msumari, linapasuka vipande viwili. Msichana anavichukua vile vipande, anakimbia, anapanda mti mrefu karibu na kijito, na huko juu anamwimbia mama yake. Wanawake waliokuja kufua nguo wanasikia sauti, wanadhani ni upepo tu katika majani. Mmoja peke yake anasikiliza vizuri, anainua macho, na kumbe ni dada ya baba yake. Anamshusha, anampeleka kwake, anampa chakula cha moto. Mwisho wake si muujiza: Anita anakubali kosa lake, anapika, anaalika, na msichana anaanza kufikiri kurudi nyumbani. Mama hafufuki.

Mwalimu alikisoma mara ya kwanza, watoto wakapiga kelele juu ya Anita. Alikisoma mara ya pili Siku ya Mungu iliyofuata. Siku hiyo watoto walipotoka, yule mtoto wetu alibaki, akauliza: «Simbegwire alifanya nini hata mama yake akafa?» Mwalimu akasema hakufanya kitu. Mtoto hakusadiki. Akakichukua kitabu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kutafuta. Walifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, mtoto akiweka kidole juu ya picha, akitafuta kosa la yule msichana. Kosa halikuwamo. Walipofika mwisho, ndipo akasema. Asubuhi ile ya mwisho aliomba baba amnunulie vitumbula, baba akakataa kwa kuwa hakuwa na franga, na yeye, moyoni tu, wala si kwa kinywa, alisema: basi usirudi. Na baba hakurudi.

Huo ndio mzigo aliokuwa nao mtoto wa miaka saba, wakati sisi tulipokuwa tukibishana nani alipe hema.

Mwalimu hakumhubiria. Alimwambia kwamba naye, alipokuwa mdogo, alisema maneno kama hayo moyoni juu ya mama yake siku aliyopigwa kwa kuvunja sahani, na mama huyo yu hai mpaka leo, anauza makala pale sokoni, na mtoto anaweza kwenda kumsalimu. Walikwenda kumsalimu.

Tusiwadanganye: kukojoa kitandani hakukukoma usiku ule. Kulichukua muda mrefu, na kuna majuma kulirudi. Lakini mtoto alikuwa amelitoa swali nje.

Ndugu wapendwa, swali hilo si la mtoto huyu peke yake. Mtoto mdogo hajui bado mpaka kati ya lile analofikiri na lile linalotokea. Anaamini wazo lake lina mikono. Na hilo halitokani na umaskini wetu wala na kukosa masomo. Kule Marekani kuna mwandishi wa vitabu vya watoto, Katherine Paterson, aliyezaliwa China na wazazi wamisionari, naye mwenyewe akawa mmisionari Japani, na mume wake alikuwa mchungaji. Mwaka wa 1974 mwanawe wa kiume alikuwa na miaka minane, na rafiki yake mkubwa, msichana wa umri huohuo, aliuawa na radi. Paterson amesimulia kwamba usiku mmoja, baada ya sala, mtoto yule alimwambia kuwa sasa anajua sababu: ni kwamba Mungu anamchukia, na bila shaka atakayefuata ni dada yake mdogo. Hayo yalisemwa katika nyumba ya mchungaji, na mtoto aliyekuwa ametoka kusali! Mama yake hakupata jibu la kumtosha. Aliandika kitabu, «Bridge to Terabithia», kilichotoka mwaka wa 1977, ambamo mvulana anampoteza rafiki yake kwa maji na anajiona ana kosa kwa sababu siku ile alikwenda matembezi bila kumwalika. Katika kitabu hicho baba wa mvulana, mtu mkavu asiyejua kubembeleza, anamfuata mpaka kijitoni na kumpakata.

Kwa nini hadithi inafika mahali ambapo maswali yetu hayafiki? Mwulize mtoto aliyefiwa: «Una nini?» Atasema: «Hakuna.» Macho yetu yakimwelekea yeye, anajifunga kama kobe. Lakini hadithi inaongea juu ya mwingine, na yeye anakaa kando, anatazama bila kutazamwa. Sisi watu wa kanisa tungepaswa kulijua hilo kuliko wote. Nabii Natani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kumwuliza mfalme. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, na Daudi akaingia ndani ya hadithi kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kujua ni hadithi ya nani. Tofauti ni kwamba Daudi alikuta humo kosa lake. Mtoto wetu alitafuta kosa lake, akakuta halimo.

Na hapa inatupasa kusema jambo gumu, maana linatugusa sisi.

Mtoto akiwa amebeba swali «je, ni mimi?», sisi wakubwa tunamjibu bila kujua kwamba ameuliza. Tunajibu kwa minong'ono yetu. Tunajibu mtu fulani anaposimama katikati ya kilio na kusema lazima ijulikane nani amemla marehemu. Na wako walioona yatima wanahamishwa nyumba kwa nyumba kwa sababu imesemwa, na mara nyingine imesemwa katika maombi, kwamba ndani ya mtoto kuna kitu. Hatuandiki hapa kubishana juu ya uchawi. Tunauliza tu: mtoto ambaye tayari usiku anajihukumu mwenyewe, akisikia mkubwa anayevaa nguo nyeupe anathibitisha hukumu ile, atakata rufaa kwa nani? Wako hata watakaokiri, na watu watasema mnaona, amekiri mwenyewe! Mtoto wetu naye angekiri. Angesema ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia baba asirudi.

Sheria ya nchi imeona hatari hiyo. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini, kwa mtu anayemshitaki mtoto kuwa mchawi. Lakini hata kabla ya sheria hiyo tulikuwa na Maandiko. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua mwenye dhambi ni nani, yeye au wazazi, na Bwana alikataa pande zote mbili za swali lao. Na rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu siku walipoanza kumtafutia kosa.

Kuna ndugu walioisoma habari hii kabla ya kuchapwa, nao walitupinga. Tunawashukuru. Wa kwanza alisema vitabu ni mambo ya wazungu, bankambo zetu walilea yatima bila vitabu. Ni kweli, lakini tukumbuke walikuwa na nini. Walikuwa na moto wa jioni na hadithi, na katika hadithi hizo yatima hakosekani: yule anayenyimwa chakula, anayetumwa maji usiku, na mwishoni anasikilizwa. Hicho kilikuwa kitabu cha kinywa. Leo nkambo yuko Sandoa, au Dilolo, au Kabongo, na mtoto yuko hapa Kolwezi katika nyumba ya kupanga, na jioni kuna televisheni kama umeme upo. Aliyebaki wa kumsimulia ni nani? Anayetaka kumrudisha nkambo amrudishe, tutafurahi. Wakati tunamngojea, tusome.

Wa pili alisema kumfungulia mtoto mlango wa machozi ni kukosa imani katika ufufuo. Hilo tulilifikiri siku nyingi. Lakini Bwana alipofika kaburini kwa Lazaro alijua vizuri atakachokifanya dakika chache mbele, na bado alilia. Kama yeye aliyeshika ufunguo alilia, mtoto asiye na kitu mkononi azuiwe kwa nini? Watu wa pwani wana methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, nao wanaitumia kwa adhabu. Sisi tumeiona ikitimia kwa namna nyingine katika nyumba zetu.

Na lile neno letu la kila kilio, «Mungu amemchukua»? Mkubwa analisikia kama faraja, kwa kuwa amejifunza tayari Mungu ni nani. Mtoto analisikia kama habari ya mwizi. «Mungu alimhitaji,» tunasema, na mtoto anafikiri: mimi je? Hatusemi imani hiyo ifichwe. Tunasema ije kwa zamu yake. Kwanza mtoto aambiwe kwa neno lisilo na kona: baba amekufa, udongo ulimwangukia, hatarudi nyumbani, na hakuna ulichofanya wewe. Kisha aambiwe nani atamlisha na atalala wapi, maana hilo pia anajiuliza na anaona haya kusema. Tumaini letu atalipokea vizuri kutoka kwa watu ambao hawakumdanganya juu ya basi la Lubumbashi.

Katika mji kama huu habari hizi si za mtu mmoja mmoja. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika machimbo ya KOV, na waliotajwa kufa walikuwa 43. Tarehe 15 Novemba 2025, pale Kalando katika jimbo letu la Lualaba, daraja la wachimbaji lilivunjika na watu wasiopungua 32 wakafa. Hesabu inakuwa ya wafu, hatujasikia hesabu ya watoto wao. Na kabla ya hapo? Wako kati yetu waliokuwa watoto Mei 1978, wakati wa vita ya Kolwezi. Wako waliokuwa watoto mwaka wa 1992 na 1993, jamaa za Kasai zilipofukuzwa na kulala kwenye vituo vya gari moshi, na wadogo zao wakazikwa karibu na reli. Leo ni baba na nkambo, na mara nyingine katika ushuhuda mtu wa miaka hamsini anaanza kusimulia siku moja tu, siku hiyo, na sauti inakatika. Hakuna aliyewahi kukaa naye.

Mtasema vitabu vyenyewe viko wapi, na kweli madukani petu utakuta madaftari na kalamu kuliko hadithi. Basi tuanze na daftari, ile kaye ya masomo. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukimaliza wazazi, wanawake wa chama cha NACWOLA, wenye virusi wao wenyewe, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika ulizaliwa wapi na siku gani, baba yako ni wa ukoo gani, ulipokuwa mdogo ulipenda nini, nyumbani kwetu ni wapi, mimi nilikuwa mtu wa namna gani. Wengine walibandika picha. Na kwa kuandika, mama alilazimika kumwambia mtoto kwamba anaumwa, jambo ambalo wengi hawakuwa wamelithubutu. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, alikwenda kuwaona na kuandika habari zao, hata zikajulikana mbali. Lakini kazi ilikuwa ya wale wamama na kalamu zao.

Mchimbaji wetu hapati muda huo. Anatoka asubuhi akiwa mzima. Kwa hiyo hapa petu kaye itaandikwa na waliobaki: mjane, kaka, rafiki aliyekuwa naye shimoni. Yule mjane wa habari yetu hajui kuandika vizuri. Yeye alisema, mwalimu akaandika, mtoto akachora. Humo mna mambo madogo: kwamba baba alizaliwa karibu na Kasaji, kwamba alipenda sombe yenye mawese mengi, kwamba alikuwa akipiga mluzi akifika kwenye kona ili watoto wamkimbilie, kwamba asubuhi ya mwisho hakuwa na franga za vitumbula na alimwambia mama: jioni nitamletea. Neno hilo mtoto hakuwa amelijua. Mama naye hakujua kwamba ni neno la kusema.

Katika ukurasa wa kwanza mtoto amemchora baba. Tochi ya kichwa ni kubwa kuliko kichwa chenyewe, na mwanga wake umejaza karatasi mpaka pembeni.

Kuanzia Siku ya Mungu ijayo, ibada ikiisha, mwalimu atasoma chini ya mwembe, kwa watoto waliofiwa na wasiofiwa pamoja, ili asionekane nani ni nani. Walio na picha ya marehemu wao, hata iliyochanika, wailete. Kaye zipo ishirini. Wababa pia wanaombwa kuja. Mpaka sasa waliojiandikisha ni wamama peke yao.